Hema huwambwa: maumbo ya mahema ya kubeba mgongoni na namna ya kuyapiga

Juu ya ploti tunayoishi, Kasarani, kuna matangi matatu ya maji, kamba za kuanikia nguo, na sehemu tupu ya zege isiyozidi ukubwa wa chumba kimoja. Hapo ndipo ninapojaribia mahema kabla ya kuyabeba kwenda mlimani. Jumamosi moja nilipanda na mawili. La kwanza, lenye umbo la kuba, lilisimama kabla chai yangu haijapoa. La pili, la piramidi, lililala pale kama shuka iliyodondoka kambani, maana zege halipokei kigingi. Jirani yangu wa ghorofa ya tatu alikuwa akianua nguo. Akalitazama, akaniuliza kwa huruma, "Kaka, hili si walikuuzia likiwa bovu?"

Nikamwomba anisaidie kusogeza mitungi minne ya maji, ile ya lita 20. Tukafunga kila pembe ya hema kwenye mtungi mmoja, nikaingia chini na mkongojo, nikausimamisha katikati na kusukuma juu. Kitambaa kikanyooka pande zote kwa mara moja. Jirani akakipiga kwa kiganja, kikalia. "Kumbe linawambwa," akasema, "kama ngoma."

Sijasikia mtu akilieleza jambo hili vizuri kuliko yeye. Tumezoea kusema tunapiga hema au tunasimamisha hema, lakini kazi yenyewe ni kuwamba. Kila hema lina kitu kinachosukuma kutoka ndani, yaani ufito au nguzo, na kitu kinachovuta kutoka nje, yaani kamba na kigingi. Kitambaa kiko katikati ya wawili hao na kinapata nguvu kwa kuvutwa tu. Kikilegea, upepo unakikamata na kukichapa, maji yanatuama juu yake, na zipu zinakwama. Maumbo yote unayoyaona madukani ni njia mbalimbali za kugawa kazi hiyo kati ya ufito, kamba na ardhi. Ukishajua katika hema lako ni nani anabeba mzigo, utajua pia uanzie wapi unapolipiga.

Kwa hiyo, ukienda kununua, usianze na swali la "Ni la watu wangapi?" Hema la watu 2 kwa kawaida ni la watu wawili waliolala bega kwa bega, mikoba ikiwa nje. Uliza kwanza: hili linasimama kwa nini?

Umbo moja la zamani tunalokutana nalo ni la vipaa viwili, lile linalofanana na paa la nyumba lililowekwa chini bila kuta. Waliopitia skauti wanalijua vizuri. Wengi walilala ndani yake Rowallan, kambi ya maskauti iliyo upande wa Kibera. Lina nguzo mbele na nguzo nyuma, na mgongo uliokazwa kati yake. Hapa mzigo wote uko kwenye kamba mbili: ya mbele na ya nyuma, zilizonyooka sambamba na mgongo. Kaza hizo kwanza. Anayeanza na pembeni huona mgongo unabonyea kama wa punda aliyechoka, na hata akivuta vipaa namna gani haunyooki tena. Mvua huteremka vizuri juu yake, lakini kipaa ni ukuta mpana ulio bapa, na upepo wa ubavuni hukisukuma ndani hadi kikuguse usoni. Leo ni wachache wanaolibeba mgongoni, nami simshauri anayeanza alitafute.

Kuba ndilo hema ambalo watu wengi wa Nairobi wanamiliki, na wazo lake si geni katika nchi hii. Warendille, Wagabra na Wasomali wa kaskazini wamekuwa wakikunja fito na kuzifunika kwa mikeka na ngozi tangu enzi, na siku ya kuhama nyumba nzima hupanda juu ya ngamia. Kinamama ndio mafundi wa kazi hiyo. Hema la kuba la kisasa linatumia kanuni ileile. Ufito uliokunjwa unataka kunyooka. Miguu yake ikishikwa isiachane, unabaki umejikunja na kukisukuma kitambaa juu. Fikiria upinde: ufito ndio upinde wenyewe, sakafu ya hema ndiyo uzi wake. Pinde mbili zikikutana kileleni kwa umbo la msalaba, hema linasimama bila kigingi hata kimoja. Ndiyo maana lile la kwanza halikujali zege. Unaweza kulipiga juu ya mwamba, ukalibeba likiwa limesimama hadi mahali pengine, au ukalipindua asubuhi na kukung'uta mchanga mlangoni.

Urahisi huo ndio unaowaponza watu, na uliniponza mimi. Safari yangu ya kwanza ya kulala vilimani Ngong nilikuwa na kuba jipya la fito za faibaglasi. Muuzaji aliniambia linasimama lenyewe, zile kamba ni za ziada tu. Nikaziacha mfukoni, zikiwa bado zimefungwa kwa mpira wake. Wanaoijua Ngong wanajua kwa nini mitambo ya umeme wa upepo ilijengwa pale: Kaskazi na Kusi, pepo zetu mbili kuu, zote hutufikia zikitokea upande wa mashariki, na ukingo wa Bonde la Ufa unazikuta zikiwa na kasi. Saa nane usiku ukuta wa upande mmoja ulianza kuinama, ukainuka, ukainama tena. Kisha nikasikia mlio kama wa mua unaovunjwa gotini. Ufito ulikuwa umepasuka kwenye kiungo, na nyuzi zake kali zikachana pindo na kifuniko cha mvua pamoja. Tulikaa hadi alfajiri tukiwa tumeshika kitambaa kwa mikono.

Baadaye nilifanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya mapema. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi yake; kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inakuwa mara nne. Upepo wa kilomita 50 kwa saa husukuma kila mita ya mraba inayoukabili kwa nguvu ya takriban kilo 10. Ukifika kilomita 100, ni kilo 40. Hema dogo linaukabili upepo kwa mita moja na nusu au mbili za mraba. Sasa fikiria mzigo huo ukiangukia vijiti viwili vyembamba ambavyo kati yao kuna pembetatu nne kubwa za kitambaa zisizo na msaada wowote. Kusimama lenyewe hakumaanishi kustahimili lenyewe.

Kuba basi hupigwa hivi. Kwanza tandaza sakafu na ukite vigingi viwili vya upande upepo unakotoka, hata kama hewa imetulia, ili hema lisikutoroke ukiwa umeinama. Unganisha fito taratibu na uhakikishe kila kiungo kimeingia hadi mwisho. Kiungo kilichoingia nusu ndicho hupasuka. Ufito ukipita ndani ya pindo, usukume, usiuvute, maana ukiuvuta unaachana katikati. Kunja fito mkiwa wawili ikiwezekana, kila mmoja upande wake. Kisha tandika kifuniko cha mvua, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawajawahi kuliona katika hema lao. Ingiza mkono chini ya kifuniko, pale nje kamba inaposhonewa. Utapapasa utepe mdogo, mara nyingi wa kunasa kama wa viatu vya watoto. Huo unafungwa kwenye ufito. Usipoufunga, kamba inavuta kitambaa peke yake. Ukiufunga, kamba inaushika ufito wenyewe, na upepo unapousukuma unakuta umefungwa ardhini. Pale Ngong, tepe hizo nne na kamba zake nne ndizo zingeliokoa hema langu.

Fito zikiongezwa na kupishana sehemu nyingi badala ya kileleni tu, kuba linakuwa jeodesiki. Jina linatokana na makuba ya mhandisi Mmarekani Buckminster Fuller, aliyepata hataza ya muundo huo mwaka 1954. Mwaka 1975 kampuni ya The North Face ikaupeleka kwenye mahema. Kila mahali fito zinapopishana zinashikana, na vipande vya kitambaa vilivyo wazi vinakuwa vidogo, kwa hiyo upepo haupati mahali papana pa kubonyeza. Ni hema la theluji na vilele, na uzito wake utausikia mabegani. Kwa anayepanda Mlima Kenya Januari au Februari, wakati wa kiangazi, kuba la kawaida lenye fito za alumini na kamba zilizokazwa linatosha.

Handaki ni umbo ninalolipenda na ambalo silioni sana hapa kwetu. Fito zake hazipishani. Zimepangwa moja nyuma ya nyingine kama mbavu, na hema linalala kama pipa lililokatwa katikati. Kwa uzito uleule, linakupa nafasi kubwa kuliko kuba, na mara nyingi baraza pana mbele ya mlango pa kuweka viatu, mkoba na sufuria. Lakini mbavu hizo hazisimami bila kuvutwa mbele na nyuma. Kigingi cha mkiani kikichomoka, hema zima linajikunja kama kinanda cha mkono. Kwenye paa letu lilihitaji mitungi sita.

Kulipiga ni kwepesi ukijua mpangilio. Litandaze bapa, mkia ukielekea upepo. Kita vigingi viwili vya mkiani. Pitisha fito zote hema likiwa bado limelala, kisha nenda mbele, shika pembe mbili na uvute kuelekea kwako. Mbavu zinainuka zenyewe, moja baada ya nyingine. Kita mbele, kisha zungukia ubavuni ukiangalia kwamba kila ufito umesimama wima. Ufito ulioinama mbele au nyuma unaacha makunyanzi upande mmoja, na hapo ndipo upepo unapoanza kuchapa.

Mkia kuelekea upepo si pambo la maelezo. Upepo unaopita kwa urefu unateleza juu ya handaki. Unaokuja ubavuni unakuta ukuta mrefu wenye mbavu chache. Kwa hiyo inakubidi ujue upepo wa usiku utatoka wapi, na huo si lazima uwe wa jioni. Katika mabonde ya Mlima Kenya, kwa mfano Bonde la Mackinder penye kambi ya Shipton, mita 4,200, mchana hewa hupanda bonde na ukungu. Jua likitua, hewa baridi inakuwa nzito, inateremka kutoka kileleni. Aliyeelekeza mkia chini ya bonde saa kumi jioni, saa nne usiku anapulizwa mlangoni. Mkia uelekezwe juu ya bonde. Na usiende kulala kwenye shimo la chini kabisa kwa kudhani umejikinga. Baridi hutiririka kama maji na kutuama palepale, na mvua ikija inaifuata.

Sasa piramidi, ile iliyomshangaza jirani yangu. Nguzo moja katikati, kuta nne, au sita, zinazoteremka hadi chini. Mahema ya aina hii yenye nguzo nne, yanayoitwa kwa jina la mvumbuzi Mwingereza Robert Falcon Scott, bado yanatumika Antaktika, kwa hiyo usidhani ni ya hali ya hewa nzuri tu. Upepo ukitoka upande wowote unakuta mteremko, si ukuta. Na kwa kuwa nguzo inaweza kuwa mkongojo unaoshika mkononi mchana kutwa, hema lenyewe linaweza kuwa chini ya kilo moja. Kuna ndugu zake wanaotumia mikongojo miwili, mmoja kila upande, ili nguzo isisimame katikati ya kitanda chako. Kanuni ni ileile. Hapa ufito haukunjwi hata kidogo. Nguzo inasukuma, na kazi yote iliyobaki ni ya ardhi.

Siri yake ni mraba. Pembe nne zikiwa mraba kamili, kuta zote zinakaza pamoja. Pembe moja ikipotoka kwa kiganja kimoja tu, ukuta mmoja unalegea na hakuna kamba itakayoutibu. Fanya kama fundi wa mjengo anapopanga msingi: pima pembe hadi pembe, kwa mshazari, mara mbili. Vipimo vikilingana, ni mraba. Mimi nina kamba yenye fundo mahali panapotakiwa na ninaipitisha haraka. Mlango uwe umefungwa zipu wakati wa kukita vigingi, la sivyo utakuja kugundua haufungiki. Kisha ingia na mkongojo, usimamishe, urefushe hadi kitambaa kikaze, na mwisho zunguka ukivuta kila pembe kidogo.

Kasoro yake ni jasho. Mara nyingi lina ngozi moja tu, bila chumba cha ndani, na mtu anayelala anatoa kwa pumzi karibu kikombe kizima cha maji usiku kucha. Mvuke huo unakutana na kitambaa baridi na kugeuka matone. Si kwamba hema linavuja, kama wengi wanavyolalamika. Acha tundu la juu wazi na uinue pindo la chini kidogo, hata kama kuna baridi. Mahema yenye ngozi mbili yana tatizo hilohilo, ila matone yanabaki kwenye ngozi ya nje na hayakugusi.

Kuhusu ngozi mbili: angalia ipi inatangulia. Mahema mengi ya kuba hutaka chumba cha ndani kwanza, kifuniko baadaye. Ukifika Nyandarua katikati ya masika, kwa dakika chache za kulipiga chumba chako cha wavu kinajaa maji kabla hakijafunikwa. Mahandaki mengi, hasa ya Ulaya kama yale ya Hilleberg ya Uswidi, husimama na ngozi ya nje kwanza, ndani kukiwa kumening'inia tayari. Kwa nchi yenye masika na vuli, mimi naona jambo hili lina uzito kuliko rangi, mifuko na idadi ya milango.

Basi ardhi. Kigingi kinaingia kikiwa kimeinama, kichwa kikielekea mbali na hema na ncha ikielekea chini ya hema, ili kamba na kigingi vikutane kama pembe ya meza. Kizame chote, kilichobaki juu sentimita tano kinageuka mtaimbo wa kujing'oa. Hayo ni kwa udongo mwekundu wa Kiambu na Kereita, unaoshika vizuri. Ule mweusi wa Kitengela ukikauka unapasuka nyufa, na kigingi kilichokitwa kwenye ufa hakina chochote kinachokishika. Sogea hatua moja. Longonot ni habari nyingine. Jivu la volkano linakipokea kigingi kama unga na kukiachia vivyo hivyo. Hapo chukua kijiti kinene au mfuko uliojaza mchanga, ufunge kamba katikati yake, uchimbe mtaro wa urefu wa mkono mpaka kiwiko kwenda chini, ukilaze kwa kukingama na kamba, ufukie na ukanyage. Hakitoki hadi ukichimbue. Kwenye mwamba, kamba ifungwe kwenye jiwe dogo, na jiwe kubwa likae mbele yake, upande wa hema, kulizuia. Jiwe kubwa juu ya kamba peke yake huikwaruza hadi ikatike.

Fundo moja linatosha kwa kazi hii yote. Zungusha kamba kwenye kigingi, irudishe juu. Ndani ya kitanzi kilichopatikana, zungushia ncha mara mbili kwenye kamba iliyonyooka, ukirudi kuelekea kigingi. Kisha toka nje ya kitanzi, upande wa hema, zungusha mara moja zaidi kwa mwelekeo uleule, pitisha ncha na kaza. Fundo hili linateleza ukilisukuma kwa vidole na linashika kamba ikivutwa. Lifanyie mazoezi kwenye mguu wa kiti nyumbani hadi uweze gizani.

Kama unanunua mtumba, na mahema mazuri hupatikana masoko ya Toi na Gikomba kwa mwenye subira, lifungue palepale. Nusa upande wa ndani wa kifuniko. Harufu ya kuchacha na kunata vidoleni ni dalili kwamba utando unaozuia maji umeoza. Ukiona pia unabanduka kama magamba, mwachie mwenyewe, halitibiki. Hesabu fito, uzikunje kidogo moja moja. Mshono uliokosa utepe wa ndani unaweza kupakwa gundi ya kuziba mishono, hiyo si sababu ya kuliacha. Kwa anayenunua hema moja tu la kwenda nalo kila mahali, kutoka Hell's Gate hadi njia ya Sirimon ya Mlima Kenya, ningesema kuba la ngozi mbili, fito za alumini, lenye kamba zisizopungua nne. Handaki likufuate ukishajua kusoma upepo, na piramidi ukishaiamini mikono yako.

Mpiga ngoma huisogeza ngoma kwenye moto ili ngozi ikaze, kwa sababu unyevu wa usiku unailegeza. Nailoni ina tabia hiyohiyo: ikinyonya maji inarefuka, na hema ulilolikaza saa kumi na mbili jioni linaning'inia saa tatu usiku. Poliesta hairefuki sana. Kwa hiyo kabla sijalala hutoka na tochi, nikalizunguka mara moja, nikipiga kila kamba kwa kidole. Inayolia naiacha. Isiyolia nalisukuma fundo lake mpaka ilie, kisha naingia ndani na kufunga zipu.